Kuondoa godoro, sofa na friji mbovu Dar: uzoefu wangu na gari la taka, guta na kirikuu

Kwa mkazi wa Sinza au Kijitonyama mwenye godoro lililochoka, sofa iliyovunjika mgongo au friji isiyogandisha tena, huduma ziko tatu: gari la taka la mzabuni wa kata, guta (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu), na kirikuu ya kukodi (pikapu ndogo kama Suzuki Carry). Nimezitumia zote. Zote zinaondoa mzigo mlangoni kwako, lakini inayoweza kuufikisha dampo bila wewe kuzunguka ofisi ni moja tu, na hata hiyo ni mpaka uibane. Kwa hiyo alama ninazotoa hapa siyo za kasi wala lugha nzuri ya dereva. Ninachopima ni mzigo unashushwa wapi.

Nianze na gari la taka. Ada ya kila mwezi ni ya taka za jikoni na za kufagia uwanja, zilizofungwa kwenye viroba. Godoro halimo, na ukisoma stakabadhi yako hutakuta mahali palipoandikwa samani. Sababu inaeleweka: magari mengi ya mzabuni ni ya wazi, hayana mtambo wa kushindilia. Sofa ya watu watatu haina uzito wa kutisha, ila inakula nafasi ya viroba vya nyumba kadhaa, na mzabuni anahesabu safari za kwenda dampo la Pugu. Ndiyo maana vijana wa gari watakwambia "hiyo tutaipitia kesho". Ukiwapa hela ya soda wataipandisha juu ya viroba. Hapo ndipo nilipokosa imani na njia hii: kitu kisichofunikwa na turubai ni tatizo kwa dereva barabara kubwa, hivyo hushushwa kabla hajaifikia, na kesho yake unakiona kimeegemea ukuta wa mtu mtaa wa pili.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Kila nyumba inatoa uchafu wake asubuhi ileile, gari linajaa mapema, na vitu vikubwa hubaki barabarani hadi mvua ivikute.

Kinachofanya kazi kwa mzabuni ni safari maalum. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa afisa afya wa kata, uliza mzabuni wa eneo lenu ni nani, omba gari lije kwa vitu vikubwa peke yake, malipo pembeni na ada ya mwezi. Nyumba moja haijazi gari. Nyumba nne au tano zikikusanya magodoro na makabati yao, gharama kwa kila mmoja inashuka hadi kiwango cha kuvumilika. Njia hii inataka subira, na ubora wake unategemea sana kama mjumbe wenu ana sauti.

Guta ni habari nyingine. Ni rahisi, linapatikana dakika hiyohiyo, na kijana wa guta ana ufundi wa kupenyeza kabati kwenye uchochoro ambao gari haliingii. Kwa kazi fupi ningempa alama zote: kupeleka fremu ya sofa kwa seremala, friji kwa fundi, mabati kwenye yadi ya chuma chakavu. Lakini guta la kukanyaga haliendi Pugu. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi. Kutoka huku unaingia Barabara ya Nyerere, unapita Uwanja wa Ndege, Ukonga, Gongo la Mboto, na bado hujafika. (Dampo lilikuwa karibu zamani. Wakazi wa Tabata walilishtaki jiji mahakamani mwaka 1988 kuhusu dampo lililokuwa mtaani kwao, na walikuwa na haki.) Mwenye guta akikwambia "bosi, naipeleka dampo", dampo hilo ni korongo lililo karibu, na kwa upande wetu ni Mto Ng'ombe, unaopita Sinza na Tandale kwenda kuingia Msimbazi.

Godoro la sponji likiingia kwenye korongo halielei kwenda baharini kama watu wanavyodhani. Sponji ina vitundu vilivyofunguka, inanyonya maji, godoro linakuwa zito na kuzama nusu. Likifika kwenye kalavati linajikunja mdomoni na kukwama. Viroba, chupa na majani vinajipanga nyuma yake, na maji yanatafuta njia kupitia vyumba vya watu. Masika ya Machi hadi Mei yanapoanza, godoro moja pale linatosha kuziba kalavati dogo.

Sasa kirikuu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza, kwa masharti. Sanduku la Suzuki Carry lina urefu wa kama sentimita 194 na upana wa kama 141, na mbao za pembeni zina kimo kisichofika 30. Godoro la tano kwa sita ni sentimita 152 kwa 183, kwa hiyo halilali bapa ndani ya mbao. Litakaa juu yake, na upepo wa Nyerere utaliinua. Godoro la sponji likunje katikati, ulifunge kamba kabla ya kulipandisha. La springi halikunjiki, hivyo lipakie mwisho, juu ya mzigo mwingine, kamba ipite msalaba na kukazwa kwenye ndoano za chini ya sanduku. Kamba moja ya katikati haitoshi, ncha za mbele zitanyanyuka tu. Friji itangulie, imesimama, imeegemea nyuma ya kichwa cha gari, ili mafuta ya kompresa yabaki chini yalipo. Kisha fremu za mbao, kisha viti, godoro, turubai.

Uzito nao uangalie. Gari hizi zimeundwa kubeba kama kilo 350. Samani hazifiki huko kirahisi. Kifusi kinafika: sanduku likijazwa vipande vya tofali na zege hadi usawa wa mbao ni karibu tani nzima, na ndipo springi za nyuma zinapolala na dereva anaanza kutafuta mahali pa kumwaga kabla ya Gongo la Mboto. Kwa kifusi usikodi kirikuu kabisa. Bandika tangazo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa; kuna mwenye kiwanja kwenye bonde anayekitafuta na atakuja na gari lake.

Bei ndiyo kipimo changu cha ukweli. Safari halali ya Pugu ina mafuta ya kwenda na kurudi, foleni ya dampo, malipo ya kuingiza mzigo, na posho ya kijana wa kushusha. Hesabu hivyo vinne kwanza, ndipo usikilize bei. Ukitajiwa bei ileile ya kuhamisha kabati kutoka Sinza kwenda Mwenge, huna haja ya kuuliza zaidi: mzigo hauendi Pugu. Madereva wengi siyo waongo kwa makusudi. Wateja wenyewe ndio waliowazoesha kubishana hadi safari ya dampo isilipe tena, na baada ya hapo dereva anafanya anachoweza kwa pesa aliyopewa.

Utaratibu unaonisaidia ni huu. Mnapatana bei nzima, unatoa kiasi cha mafuta tu wakati wa kupakia, na iliyobaki unatuma kwa simu baada ya dereva kukutumia picha mbili: risiti ya getini na gari likiwa ndani ya dampo, mzigo wako ukionekana. Piga picha mzigo kabla haujaondoka, turubai likiwa wazi, ili uweze kulinganisha. Dereva anayekataa sharti la risiti, muache aende. Waliokubali mara ya kwanza hukubali tena bila maneno, na namba zao zinazunguka kwa majirani. Epuka siku za mvua: njia za ndani ya dampo zikilowa ni tope, gari dogo linakwama, na kishawishi cha kumwaga njiani kinapanda. Asubuhi ya katikati ya wiki, wakati wa kiangazi, ndiyo bora.

Lakini pesa nyingi zaidi huokolewa kabla gari halijaja. Sofa nzima ni hewa unayoilipia usafiri. Igeuze miguu juu. Chini kuna kitambaa cheusi kilichopigwa pini. Chana kwa wembe, usihangaike na pini moja moja. Utaona mikanda ya raba au springi za nyoka. Mikanda ikate. Springi ni za kuangalia: zimevutwa, na ukichomoa klipu ncha inaruka. Vaa glavu, shika springi kwa koleo, achia upande mmoja taratibu. Kisha vua kitambaa cha juu, toa sponji, na unabaki na mifupa. Kama ni mninga au mkongo usithubutu kuipeleka dampo; mafundi wa Keko na maseremala wa mtaani wanaichukua, na miguu iliyochongwa wanaigombea. Paini iliyoliwa na wadudu ichane kwa msumeno, ing'oe misumari, wape wanaopikia kuni. Ubao wa maranda uliovimba kwa maji hauna mteja, na gundi yake haifai jikoni. Huo ndio wa Pugu. Sofa ya watu watatu ikifunguliwa hivi, kinachobaki kwa dampo ni kitambaa, mikanda na vipande vya ubao, na vinaingia kwenye viroba viwili vitatu ambavyo gari la taka la kawaida litachukua bila kununa.

Sponji iliyo hai, ukiibonyeza inarudi, inachukuliwa na washona mito. Iliyogeuka njano na kumeguka unga haina kazi. Kama nyumba ilikuwa na kunguni, sahau ugawaji wote: funga godoro kwenye nailoni chumbani kabla halijapita sebuleni, kaza kwa selotepu, na umwambie dereva ukweli, maana turubai lake ndilo litakalobeba wengine kwenda nyumba inayofuata. Na usichome. Moshi mweusi wa sponji una kaboni monoksaidi na sianidi, na hauishii kwenye ukuta wako.

Friji ina thamani, ndiyo maana inaibiwa vipande. Wanaopita na mkokoteni wakitafuta chuma chakavu wanataka kompresa na mabomba ya shaba; sanduku lenye povu ndani watakuachia. Patana nao kwa neno moja: yote au hakuna. Bora zaidi, anza na fundi friji, kwa sababu kompresa inayozunguka bado ni spea, na yeye anaweza kuvuta gesi kwa mashine badala ya kukata bomba na kuiachia hewani. Soma kibandiko ujue aina ya gesi: R600a inawaka moto, hivyo msumeno wa umeme ukae mbali. R12, gesi ya friji za zamani, inaharibu tabaka la ozoni. Na milango ing'oe siku ileile friji inapotoka nje, kabla mtoto wa jirani hajajificha ndani. Yadi za chuma chakavu na wakusanyaji wa vifaa vya umeme wanatakiwa kuwa na kibali, na kanuni za taka za elektroniki zipo tangu 2021. Kuuliza kibali siyo ufidhuli.

Alama zangu, kati ya tano: gari la taka, moja kwa vitu vikubwa, tatu kama ni safari maalum; guta, nne kwenda kwa fundi au yadi, sifuri kwenda "dampo"; kirikuu yenye risiti, nne; bila risiti ni guta lenye injini.

Limebaki la televisheni ya kichogo, ambayo hakuna huduma kati ya hizi iliyonishawishi. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na wa chuma chakavu huvunja shingo kutoa koili ya shaba kisha wanakuachia vigae mlangoni. Ipeleke kwa fundi wa televisheni ikiwa nzima, bila kufungua kifuniko cha nyuma, maana inaweza kuwa na umeme uliobaki hata ikiwa imechomolewa. Kwenye gari kioo kiangalie mbao za pembeni, blanketi katikati, kwa sababu uzito wote uko mbele.