Henry wa Nne na Richard wa Tatu: nani alijua kupora kiti?

Wote wawili walipora kiti cha enzi cha Uingereza. Henry alikikalia miaka 13 na ushei, akafia kitandani mwaka 1413. Richard alidumu miaka miwili tu.

Henry alirudi kutoka uhamishoni Julai 1399, mfalme wa wakati huo, Richard wa Pili, akiwa Ireland. Akadai amefuata urithi wa marehemu baba yake, ambao mfalme alikuwa ameutwaa, basi. Ujanja mtupu, lakini mabwana wenye ardhi walimwelewa: leo kanyang'anywa yeye, kesho ni zamu yetu. Henry akampindua Richard wa Pili, na huyo alipofia kifungoni mwaka 1400, maiti ililetwa London uso ukiwa wazi, kila mtu ajionee mwenyewe. Hata hivyo uasi haukukoma. Kwenye vita vya Shrewsbury, 1403, mwana wa Henry wa miaka 16 alipigwa mshale usoni, akapona.

Richard wa Tatu alimpora mtoto wa kaka yake, wa miaka 12, ambaye yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Mtoto na mdogo wake wakatoweka katika Mnara wa London. Hakuna maiti, hakuna maelezo, uvumi ukamtafuna. Kwenye vita vya Bosworth, 1485, bwana mmoja aitwaye William Stanley alimgeuka katikati ya mapigano, na Richard akauawa papo hapo.