EconTalk: uzoefu wangu wa kusikiliza wachumi nikiwa Lamu

Kwa yeyote anayetaka kuuelewa uchumi kutoka kwa wenyewe wanaoufanyia kazi, napendekeza podikasti ya EconTalk, ambayo mchumi Russ Roberts ameiendesha tangu mwaka 2006. Hutoka kila Jumatatu, haina malipo, na kila kipindi ni mazungumzo ya saa moja hivi, aghalabu na mgeni mmoja. Mimi hupakua vipindi usiku, intaneti ya hapa Langoni inapokuwa imetulia, kisha nikavisikiliza ndani ya boti ya kwenda Mokowe.

Kilichonishika zaidi ni kipindi cha mwaka 2012 na Ronald Coase, aliyekuwa na umri wa miaka 101, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 1991. Katika makala yake ya mwaka 1960 Coase alieleza kwamba shughuli ya mmoja inapomdhuru mwingine, wawili hao wangeweza kupatana wenyewe iwapo haki za kila upande zingejulikana na mapatano yasingekuwa na gharama. Lakini katika maisha halisi mapatano yana gharama, na mara nyingi gharama hiyo ndiyo inayoamua nani ataumia. Nilipolielewa hilo, niliitazama upya kesi ya ujenzi wa bandari yetu ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya madhara ya ujenzi huo. Watu 4,600, wengine wa Amu, wengine wa Pate na Kizingitini, kila mmoja na chombo chake na mahali pake pa kuvulia, wasingeweza kukaa jamvi moja na serikali wakakubaliana bei ya matumbawe yaliyochimbwa. Kwenda mahakamani kulikuwa ndiyo njia iliyobaki. Habari za dakika mbili redioni zilinipa kiasi cha fidia tu, bila sababu.

Ndiyo maana nauthamini urefu wa mazungumzo haya. Mgeni hupata nafasi ya kueleza hatua kwa hatua alivyofikia hoja yake, na Roberts humrudisha nyuma pale anapoona pengo. Mwenyeji huyu anaegemea soko huria na halifichi hilo, jambo ninaloliona ni uungwana, kwa kuwa msikilizaji anajua apime wapi.

Yapo mapungufu. Wageni wengi ni wa vyuo vikuu vya Marekani, na mifano yao ni ya huko, kwa hiyo kazi ya kuileta Pwani unabaki nayo wewe. Kiingereza chao nacho ni cha kasi; asiyekizoea atafaidika na maandishi ya mazungumzo yanayowekwa kwenye tovuti, ambayo pia hayamalizi bando.

Anayeanza, hasa akiwa mvuvi au mwanachama wa kamati ya ufuo, asianze na Coase. Aanze na kipindi cha mwaka 2009 ambamo Peter Boettke anaeleza kazi ya Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, aliyeonyesha kwamba watumiaji wa mali ya pamoja wanaweza kujiwekea kanuni na kuzisimamia. Wanaofunga sehemu ya bahari kwa muda kule Pate ili pweza wakue watajitambua humo, na watapata hoja za kuwapelekea maofisa.