TAHADHARI: Muuzaji wa kebo za mafuta za mashine za boti

Ndugu zangu wenye boti, someni hii kabla hamjatoa pesa. Kuna muuzaji wa vipuri anayetangaza kebo mpya za mafuta za mashine za boti, yaani waya za kuongeza na kupunguza kasi ya mashine, na kukufungia ni bure. Nilinunua kwake, nusura anitie majini.

Kebo aliyoniletea ilikuwa fupi na hakusema. Ili ifike kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, alikifungua kichwa cha skrubu kilicho mwisho wa kebo mpaka kikabaki kimeshikiliwa na nyuzi mbili tatu za skrubu, akakaza nati, akapaka grisi juu nisione. Kwa mashine nyingi za Yamaha kitabu cha ufundi kinataka kichwa kiingie kwenye skrubu ya kebo angalau milimita 8, maana kikichomoka mko katikati ya maji, huwezi tena kuongeza wala kupunguza kasi.

Nilipowasha, mashine ilinguruma hata bila gia. Kuweka gia, boti ikaruka mbele, na mwanangu alikuwa amesimama omoni, mbele ya boti. Nikampigia simu muuzaji. Akajibu haraka: "Kabureta yako imekufa, ninayo nyingine nikuuzie." Kumbe hapo ndipo anapowalia watu pesa zao. Fundi mwingine alizima mashine, akaichomoa kebo kwenye kabureta, akawasha tena. Ikatulia palepale. Kabureta ilikuwa nzima, ila kebo ilikuwa inaivuta muda wote. Tena waya wa ndani ulikuwa na kutu. Ilikuwa kebo ya zamani iliyosafishwa ganda na kuwekewa vichwa vipya!

Kwa hiyo usilipe kabla hujauvuta waya wa ndani kwa mkono. Uteleze bila kukwaruza. Ikishafungwa, mashine ikiwa imezimwa, rudisha mkono wa kuongezea kasi hadi mwisho: kabureta lazima ifunge mpaka iguse kizuizi chake. Kisha geuza mashine kushoto hadi mwisho, na kulia hadi mwisho. Kabureta ikisogea wakati hujagusa mafuta, kebo ni fupi au imepitishwa vibaya. Na fundi anayerekebisha kebo ya mafuta kabla ya kuweka sawa ile ya gia, msimamishe.

Kama ameshakufungia, fungua kifuniko cha mashine leo uhesabu nyuzi za skrubu zilizoingia. Mpaka hapo boti ibaki imefungwa.