django-flatblocks: kiongezi kidogo kilichofungashwa kwa uangalifu

Ninatunza tovuti ya kikundi cha akina mama wanaouza omena katika ufuo wa Dunga, Kisumu. Bei ya gorogoro (kopo la kupimia) hupanda na kushuka kulingana na uvuvi wa usiku, na kwa muda mrefu bei hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya violezo vyenyewe (faili zinazopanga umbo la kurasa), hata ikambidi katibu wa kikundi anipigie simu alfajiri ili nibadilishe tarakimu mbili tatu. Kiongezi cha django-flatblocks, programu ndogo ya kuongeza kwenye Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti), kimeondoa usumbufu huo: katika kiolezo ninaandika jina la kipande cha maandishi tu, naye katibu anakihariri mwenyewe katika ukurasa wa usimamizi wa Django, na kurasa zote zinazokitumia zinapata maneno mapya.

Kilichonivutia zaidi ni ufungashaji wake. Amri moja ya pip, kisakinishi cha Python, hukileta kutoka PyPI, ghala la mtandaoni la programu za Python, pamoja na violezo vyake na faili za kuunda jedwali la hifadhidata. Jina lake likishaongezwa katika INSTALLED_APPS, orodha ya programu ambazo tovuti inatumia, amri ya migrate huunda jedwali hilo na kukamilisha kazi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kiongezi nilichopewa hapo awali na fundi mmoja kilifika bila violezo. Faili yake ya MANIFEST.in, inayotaja faili za ziada za kufungashwa, haikuvitaja, na kwa kuwa kwenye kompyuta yake vilikuwamo katika folda ya kazi, hakuona kasoro yoyote, ilhali kwangu kila ukurasa ulileta kosa la TemplateDoesNotExist, yaani kiolezo hakipo. Naomba kila anayefungasha programu aisakinishe kwanza katika mazingira matupu kabla ya kuitoa.

Mahali panapohitaji tahadhari ni kashe, yaani hifadhi ya muda ya maandishi yaliyokwisha kuandaliwa. Unaweza kukizungushia kipande lebo ya cache ya Django yenye idadi ya sekunde, tuseme 600, ili hifadhidata isisumbuliwe kila mara. Lakini ukitumia kashe ya kumbukumbu ambayo Django huja nayo, kila mchakato wa seva huwa na nakala yake, hivyo mnunuzi mmoja anaweza kuona bei ya leo na mwingine ya jana mpaka sekunde hizo ziishe. Kwa kipande cha bei sikutumia lebo hiyo.

Kiolezo cha kawaida huonyesha maandishi bila kuzuia msimbo wa HTML, na anayekihariri kipande anaweza kuingiza msimbo wenye madhara, kwa hiyo ruhusa ya kuhariri nimewapa katibu na mweka hazina pekee.