Wiki kumi na me, le na se: kozi ya Kihispania niliyosoma masika iliyopita

Mimi ni mwongoza watalii Arusha. Kila mwaka napata wageni wa Uhispania na Meksiko, na kwa muda mrefu nimekuwa nikibabaisha kwa salamu na majina ya wanyama. Masika iliyopita, kazi zilipopungua, nikalipa shilingi 280,000 nisome kozi ya wiki 10 kwa njia ya video: vipindi viwili kwa wiki, wanafunzi sita, mwalimu dada wa Kikolombia. Nitaeleza zaidi kuhusu vile viwakilishi vidogo, me, te, le na se, kwa sababu hapo ndipo niliponufaika zaidi, na hapohapo ndipo kozi ilipopungukiwa.

Kitabu cha kozi kinaeleza kila kitu kwa kupitia Kiingereza. Kinasema me gusta el café ni muundo wa ajabu, ukaririwe tu. Nilikariri wiki nzima na bado nikawa nakosea. Kisha mwalimu akaandika me duele la cabeza, nami nikaisikia papo hapo: kichwa kinaniuma! Kichwa ndicho kinachotenda, na me ni ile -ni- yetu. Basi me gusta el café ni kahawa inanipendeza. Yakiwa maembe, kitenzi kinayafuata maembe: me gustan los mangos, maembe yananipendeza. Kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili hakuna ajabu yoyote hapo.

Tangu siku hiyo nikaachana na Kiingereza cha kitabu. Me lavo las manos: nanawa mikono. Sisi hatuhitaji kusema "mikono yangu", nao vilevile. Le escribí una carta: nilimwandikia barua, yambwa tendewa (yule anayetendewa) na kauli ya kutendea kama tulivyofundishwa shuleni. Iliyonifurahisha kuliko zote ni se me perdieron las llaves: funguo zimenipotea. Nilipomwambia mwalimu kwamba sisi nasi ndivyo tusemavyo, alisimamisha kipindi akaniomba niiandike wote waione.

Lakini kuna mahali Kiswahili kinakuacha njiani. -Ji- yetu haibadiliki: najiona, unajiona, anajiona. Yao hufuata nafsi: me veo, te ves, se ve. Tena kitenzi chetu kina nafasi moja tu ya yambwa. Nikisema nilimpa kitabu, -m- inachukua nafasi hiyo na neno kitabu linabaki nje. Wao huweka zote mbili, anayepewa akitangulia: me lo dio, alinipa hicho. Na le ikikutana na lo, hugeuka kuwa se: se lo di, nilimpa hicho. Se hii ilinisumbua majuma mawili kwa sababu niliilazimisha iwe -ji-. Mwalimu akaeleza kwamba katika Kihispania cha kale watu walisema ge lo, na sauti ndiyo iliyobadilika ikafanana na se ile nyingine. Maelezo ya dakika tano tu, lakini kitabuni hayamo.

Kazini, ninachokitumia kila siku ni amri. Ndani ya gari nasema siéntense, yaani kaeni, kiwakilishi kikiwa kimeshikamana na mwisho wa kitenzi. Nikikataza kinahamia mbele: no se levanten, msisimame. Hili tulilifanyia mazoezi ya kutosha, na nalishukuru sana kila simba anapokuwa karibu.

Ambalo hatukufundishwa ni os, kiwakilishi cha "ninyi". Amerika ya Kilatini hawaitumii, kwa hiyo mwalimu aliiruka. Julai nikapata familia ya Madrid: mama anawaambia watoto sentaos (kaeni), baba anasema le vi (nilimwona) juu ya mwanamume aliyemwona, mahali ambapo mimi nilifundishwa lo vi. Nilidhani nimefundishwa makosa. Kumbe ni tofauti ya maeneo, na Chuo cha Kifalme cha Kihispania chenyewe kinaikubali hiyo le kwa mwanamume mmoja. Kozi inayotangazwa kwa watu wa utalii ilipaswa kututahadharisha, maana mgeni hachagui mwongozaji kwa lahaja.

Ukijiunga, pakua rekodi za vipindi mapema, hufutwa baada ya mwezi. Na anza daftari la Kihispania na Kiswahili tangu siku ya kwanza. Langu limefika kurasa 40, na nimeshalipia ngazi inayofuata kwa mwalimu yuleyule.