Discord kama uwanja wa hadithi za wachezaji

Discord, huduma ya mawasiliano ya mtandaoni, ilizinduliwa mwaka 2015 ili wachezaji wa michezo ya video wazungumze kwa sauti mchezo ukiendelea. Kutunga hadithi hakukuwa lengo lake. Hata hivyo, vikundi vingi vinavyosimulia kwa zamu, kila mchezaji akimsemea mhusika wake, vimehamia humo, nami nimeitumia kwa kazi hiyo muda wa kutosha kuona jinsi inavyokigeuza kikundi chenyewe.

Kikundi kikiwa kichanga, huduma hii inafaa sana. Seva, yaani ukumbi wa kikundi, hufunguliwa bila malipo, chaneli moja hutengwa kwa hadithi na nyingine kwa mazungumzo ya kawaida, boti, yaani programu inayojiendesha, hurusha kete pambano linapohitaji bahati, na anayeandika hujibiwa papo hapo.

Uharaka huo unaonogesha mwanzo ndio unaokuja kuifupisha simulizi. Ujumbe wa asiyelipia hauzidi herufi 2,000, na anayekawia akipanga aya yake hukuta wenzake wameshavuka mto na kuuteka mji. Miezi ikipita, waandishi wa polepole, ambao kwa maoni yangu ndio huwa na wahusika waliokolea zaidi, hunyamaza mmoja mmoja. Hasara hiyo naiona kubwa, kwa kuwa michezo ya maandishi, tangu MUD (mchezo wa maandishi wa wachezaji wengi kwa pamoja) ya Roy Trubshaw na Richard Bartle iliyoanza mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ilisimama juu ya maelezo: mchezaji hakuwa na picha, alikuwa na maneno tu.

Mgeni naye hupata taabu, maana hadithi ya mwaka mzima imelala chini ya maelfu ya ujumbe. Nyuzi, yaani mazungumzo yanayotengwa ndani ya chaneli, zilizoongezwa mwaka 2021 zimesaidia, kwani kila tukio linaweza kupewa uzi wenye jina lake, lakini hazichukui nafasi ya mtu anayeandika muhtasari. Katika vikundi nilivyoshiriki, mtu huyo alipoondoka, chaneli ya hadithi ilikauka huku ile ya mazungumzo ikiendelea kuchangamka. Marafiki walibaki, wahusika wao wakasahaulika.

Kwa hiyo ninaipendekeza kwa kikundi cha watu watano au sita, kwa sharti kwamba kabla ya sura ya kwanza wakubaliane nani atatunza kumbukumbu, nakala itahifadhiwa wapi nje ya seva, na mwenye zamu atasubiriwa siku ngapi.