Uzoefu wangu: kifaa cha OBD2 cha elfu thelathini, na Prado iliyozima ghafla njia ya Natron

Kifaa chenyewe cha kusoma kompyuta ya gari ni kile cheusi kidogo cha ELM327 cha Bluetooth, unachochomeka kwenye tundu la OBD2 chini ya usukani halafu unasoma kwenye simu. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi elfu thelathini. Nimeshakitumia vya kutosha kukisifia na kukilalamikia, na niseme mapema kabisa: anayekinunua ili kimtajie kodi (namba) za hitilafu tu anakipa kazi ndogo. Utamu wake uko kwenye namba zinazobadilika wakati stata inapigwa.

Gari yangu ni Prado ya 2006 iliyotoka Uingereza, injini ya 1KD-FTV, ile D-4D ya lita 3.0. Tulikuwa tumeshaiacha Engaruka, tunaelekea Engare Sero, Ol Doinyo Lengai uko mbele yetu na vumbi mpaka kwenye meno. Injini ikazima. Haikukohoa, haikutoa moshi, haikuishiwa nguvu taratibu. Ilizima tu. Taa za dashibodi zote zipo, betri nzima, stata inapiga kwa nguvu, lakini kuwaka haiwaki ng'o. Mtandao wa simu hakuna.

D-4D ikizima hivyo, mtu wa kwanza kushukiwa ni sensa ya krenki, maana ikifa kompyuta haijui kama injini inazunguka, basi haitoi mafuta. Wa pili ni umeme wa kompyuta yenyewe, yaani fyuzi au relei. Wa tatu ni presha ya dizeli kwenye reli, yaani bomba linalogawia nozeli dizeli. Ukisikiliza kwa masikio, zote tatu zina sauti moja: stata inazunguka, basi.

Nikachomeka kifaa, nikafungua programu ya Torque. Kodi: hakuna hata moja. Taa ya injini nayo haijawaka. Nilitegemea angalau P0335, ile ya sensa ya krenki, lakini wapi. Nikaweka geji mbili kwenye kioo cha simu, mzunguko wa injini na presha ya reli, nikamwambia shemeji yangu, "Piga stata, usiachie mpaka nikwambie."

Mzunguko ukaonyesha 220 kwa dakika. Sensa ya krenki mzima, basi, kwa sababu ingekufa pale pangebaki sifuri huku injini inazunguka. Na kwa kuwa kompyuta inajibu, umeme inao. Stata moja, washukiwa wawili wameachiwa. Ikabaki presha: ikapanda mpaka kPa (kilopaskali) elfu nne, tano, ikagoma hapo hapo. Gari hii ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, huwa inasoma zaidi ya kPa 30,000. Kwa elfu tano kompyuta haifungui nozeli hata uitukane.

Wakati huo dereva mmoja wa gari la watalii akasimama, akachungulia. "Pole sana kaka. Hiyo pampu imekwenda. Jiandae na milioni kadhaa." Hakusema uongo, pampu inaweza kuleta dalili hizo hizo, na nozeli zinazorudisha dizeli nyingi vilevile. Ila namba ya presha inakwambia mafuta hayajafika na nguvu inayotakiwa; haikwambii yamekwamia wapi. Hapo kifaa kinaishia, unafungua boneti.

Nikaanza na kisicho na gharama. Juu ya nyumba ya filta ya dizeli kuna pampu ya mkono ya kutolea hewa. Ukiibonyeza mara chache huwa inakuwa ngumu. Yangu ilibaki laini kama haina kitu chini yake. Ina maana hewa inaingia mahali. Na ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanainama chini kutafuta dizeli inayodondoka. Kwenye injini hii dizeli inavutwa kutoka tangi, haisukumwi. Ufa kwenye mpira kabla ya pampu hautoi dizeli nje injini ikiwa inafanya kazi, unaingiza hewa ndani, kama mrija wa soda uliotoboka. Chini ya gari pakavu kabisa.

Nikafuata mpira kwa kidole, kutoka kwenye bomba la chuma kuja kwenye filta. Kwenye maungio, chini ya klipu iliyokuwa imelegezwa na mtikisiko, palikuwa na pete nyembamba ya tope jeusi: vumbi limenyonya unyevu wa dizeli. Mpira umechanika mdomoni, ufa mdogo kuliko punje ya mchele. Nikakata kipande chenye ufa, nikaurudisha, nikaubana kwa klipu ya bisibisi, nikapampu mpaka mkono ukakataa kushuka. Stata tena: elfu kumi na mbili, ishirini, ishirini na tano. Ikawaka kwa kulalamika, ikatetemeka kidogo, ikatulia.

Sasa malalamiko. Gari nyingi za soko la ndani la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina tundu lile lile la pini 16, lakini hazifuati OBD2 kikamilifu, na kifaa kinaweza kugoma kuunganika. Kijaribu kwenye gari yako hapo hapo dukani. Betri yako ikiwa dhaifu, umeme ukishuka wakati wa stata kifaa kinajizima, yaani kinakukimbia saa unayokihitaji. Vya Bluetooth ya kawaida havikubali iPhone. Vingi vilivyoandikwa toleo la v2.1 ni nakala zilizopunguzwa amri. Mimi nilitafuta v1.5. ABS na mifuko ya hewa kwa kawaida hakigusi. Na usikiache kimechomekwa gari ikilala wiki nzima, kwa sababu pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote.

Wenye Land Cruiser hardtop, zile mkonga, za injini ya dizeli ya 1HZ, okoeni hela zenu. Pampu yake ni ya kimekanika, hakuna kompyuta ya kuongea nayo. Nyie bebeni testa ya taa. Ikizima ghafla, washa swichi bila kupiga stata, gusa waya wa solenoidi ya kukata mafuta pale kwenye pampu. Testa isipowaka, fuata fyuzi na waya kwanza kabla hujamruhusu mtu kufungua pampu.